Kumwangalia Mama Mkwe kutoka Vugiri

Mke wangu ni Mnyamwezi wa Ngombezi. Watu wa mbali wakisikia hivyo wanashangaa, wanadhani Wanyamwezi wote wako Tabora, lakini sisi wa huku tunajua. Babu yake aliletwa kukata mkonge, akapewa chumba kwenye laini za kambi, akazaa humo, na waliozaliwa humo nao wakakata mkonge na wakazaa. Mimi ni Mzigua wa Handeni, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Ndiyo kusema nyumba yetu ina utani asubuhi, mchana na jioni. Nikikohoa, ananiuliza kama awaite watu waje na majembe. Akiunguza wali, nawatangazia majirani kwamba wapagazi wametua mizigo na sasa wanajifunza kupika. Binti yetu mkubwa alikua akidhani watu wote waliooana huongea hivyo, na alipoolewa alituuliza kwa nini hatukumwonya.

Kwa ukoo wote wa mke wangu nina ruhusa hiyo. Shemeji zangu nawavua kofia kichwani na kuondoka nazo. Shangazi yake nimewahi kumchukulia jogoo mchana kweupe, akaishia kunicheka, maana hiyo ndiyo haki ya mtani. Mtu mmoja tu simgusi, naye ni mama yake. Huyu ni mtani wangu, lakini ni mkwe wangu pia, na kwetu ukwe unafunika kila kitu. Mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, na humtanii kamwe. Tangu nioe, nikifika Ngombezi nachuchumaa mbali kidogo na kizingiti, natoa shikamoo huku nikiangalia vidole vya miguu yangu, na maneno mengine yote yanapitia kwa mke wangu. "Mwambie mama, Handeni mvua imenyesha." Mama mwenyewe yuko hapo hapo, na masikio yake ni mazima kabisa, lakini anasubiri aambiwe, kisha anajibu, "Mwambie mkwe, tumshukuru Mungu." Wageni wanatucheka. Sisi tumezoea.

Safari yetu ya Vugiri ilitokana na swali la mama huyu.

Marehemu mume wake alikuwa mkata mkonge, mtu mrefu na mcheshi kupita kiasi. Wiki nzima alichomwa na miba ya mkonge, na Jumapili, wenzake walipolala, yeye alipanda mlima. Alikwenda Vugiri kununua maharage na ndizi kwa Wasambaa, akashuka nazo jioni. Kila aliporudi alimweleza mkewe yale aliyokuwa akiyafanya mchana. Kule juu kuna jiwe lenye nundu, alisema, liko ukingoni kabisa, nikikaa pale nakuona uani kwako. Leo ulikuwa unaanika mihogo. Leo ulikuwa unasukwa. Leo ulimfukuza mbuzi wa jirani kwa mwiko. Na mara nyingi, kwa maelezo ya mama mwenyewe, alikuwa amepatia.

Mzee alishafariki zamani. Mama mkwe hajawahi kuupanda mlima ule, ingawa ameuona kila asubuhi ya maisha yake, na sasa magoti yamekataa. Sijui ni kitu gani kilimwingia mwaka huu, lakini kila tulipokwenda kumsalimia alimwuliza mke wangu swali lile lile. Hivi kweli mtu aliyeko Vugiri anaweza kumwona mtu aliyekaa uani Ngombezi? Au yule Mnyamwezi alikuwa ananitania miaka yote ile? Mara ya kwanza mke wangu alicheka. Mara ya pili akaona mama yake hacheki. Ameishi na mume mcheshi mpaka amemzika, na hakuwahi kujua lipi lilikuwa la kweli na lipi la kuchekesha. Hili moja alitaka alijue kabla hajamfuata.

"Tutapanda," mke wangu akasema tukiwa njiani kurudi Handeni.

"Nani na nani?"

"Mimi na mzigo wangu."

"Mzigo gani?"

"Wewe."

Basi Jumapili moja ya mvua za vuli tuliondoka alfajiri kwa pikipiki yangu. Yeye nyuma alipakata kioo chetu cha chumbani, kile kikubwa cha ukutani, amekizungushia blanketi, na begani ametundika kikapu cha chapati, maembe na chupa ya chai. Kioo kilikuwa wazo lake. Mama angekaa uani kuanzia adhuhuri akikitikisa kuelekea mlimani, ili sisi tulioko juu tujue nyumba ni ipi kati ya mapaa yote yale. Nilimwambia kwamba akivunja kioo hicho nitakuwa sina pa kujitazamia. Akasema atakuwa ameniepusha na mengi.

Kioo kilifika Ngombezi kizima. Mama akakipokea, akakigeuza geuza, akaelewa mara moja, haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Mke wangu akampa maagizo: uanze adhuhuri, ukae juani, uutazame mlima, tukikuona tutampigia simu jirani yako aje akuambie upumzike. Mama aliitikia yote. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nisahau vidole vyangu.

"Mwambie mkwe aangalie vizuri. Wewe utaniambia umeniona hata kama hukuniona, nakujua, una huruma ya kijinga. Nitamwuliza yeye. Hajanitania hata siku moja."

Mke wangu akageuka. "Umesikia, au nikuambie?"

Nilisikia. Nilikwenda pale kama dereva, nikaondoka kama shahidi.

Tulipita Korogwe, tukaanza kupanda. Barabara ya mlimani wakati wa vuli ni udongo mwekundu uliolowa, na mimi, niseme ukweli, ni dereva wa tambarare. Kwenye kona moja niliona tope, nikasema nitalipita kwa mwendo, na tope nalo likawa na mawazo yake. Tukalala chini wote watatu, mimi, yeye na pikipiki. Simu yangu ilichupa mfukoni ikaingia kwenye mfereji wa maji kando ya barabara. Nilipoitoa ilikuwa imezimika, na haikuwaka tena. Ya mke wangu ilikuwa Handeni kwenye chaji, alikoisahau. Kioo cha pembeni cha pikipiki, cha kulia, kiling'oka na shina lake.

"Mzigua, umeniua," mke wangu akasema kutoka kwenye majani.

"Uzuri wake tuko kwa Wasambaa," nikamjibu. "Jioni nitakuwa nimeshapata mwingine."

"Mwulize kwanza kama anataka mume asiyejua kuendesha."

Nikacheka. Nikainua pikipiki, nikaangalia gia, nikalalamika kuhusu kioo changu, nikakifuta tope na kukitia kwenye kikapu, nikailaani serikali na mvua. Muda wote huo nilikuwa nimempa mgongo. Nilipogeuka nikamkuta bado amekaa pale pale, amekunja sketi, damu inashuka kutoka kwenye goti mpaka kwenye kiatu.

Huu ndio ubaya wa nyumba ya watani. "Umeniua" ni neno la kila siku kwetu, analisema hata nikimwaga maji ya kuoga. Siku akiumia kweli hana neno lingine la kutumia. Nilichuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa mama mkwe na swali lake.

"Turudi," nikasema.

"Rudi wewe. Unisalimie Handeni."

Alichukua kitambaa kilichofunika chapati, akakichana kwa meno, akalifunga goti lake kwa nguvu, akasimama akalijaribu. Nilimtazama. Ni mwanamke ambaye nimemwona akikamua mbuzi huku akigombana na mimi huku akiongea na simu, lakini nadhani sijawahi kumheshimu kama dakika ile, akiwa na tope mpaka kwenye nywele, akiniuliza nasubiri nini.

Pikipiki ilikubali kuwaka lakini gia ilikuwa imepinda, ikatufikisha kwenye nyumba za kwanza na kugoma. Tuliiacha kwa mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage. Tukamwuliza jiwe lenye nundu liko wapi.

"Ah, ni karibu," akasema, akinyoosha mkono. "Hapo hapo juu tu."

Nina neno moja kwa Wasambaa, nao ni jamaa zetu kabisa. Hawajui maana ya karibu. Mtu aliyezaliwa mlimani, akipita njia ya mbuzi tangu utotoni na mzigo wa ndizi kichwani, karibu yake na yangu ni nchi mbili. Tulipanda, tukashuka bonde, tukavuka kijito, tukapanda tena. Tuliuliza wa pili, naye akasema ni karibu. Wa tatu akasema tumeshapita njia panda, turudi nyuma, ni karibu. Mke wangu alitembea mbele akichechemea, kijiti mkononi, na kila nilipotaka kusema tupumzike niliona kile kitambaa chekundu kwenye goti lake, nikameza maneno.

Mwisho nikashindwa. Nikamwambia anisubiri, nikaketi pembeni ya njia kwenye majani laini, nikamenya embe. Sikuwahi kulila. Kitu kiliniuma pajani, kisha kiunoni, kisha mahali pasipotajika.

"Siafu!" nikapiga kelele.

"Wape shikamoo," mke wangu akasema bila kugeuka. "Wametangulia kufika, ni wakubwa zako."

"Mnyamwezi, siafu kweli!"

"Na mimi ni malkia wao."

Sikuwa na muda wa kumshawishi. Niliruka nyuma ya migomba, nikavua suruali, nikaanza kuwatoa mmoja mmoja huku nikicheza ngoma isiyo na mpigaji. Na ndipo walipopita kina mama wawili na kuni zao kichwani. Watu wa mlimani wana adabu sana. Hawakukimbia, hawakucheka. Walisimama, wakaniamkia kama inavyopasa: "Onga mshi." Nami nikaitikia salamu ya mchana, nimesimama kwenye migomba na suruali mkononi, nikauliza na habari za nyumbani. Walipokwisha kupotea kwenye kona ndipo niliposikia kicheko chao, kikiteremka bonde zima. Mke wangu alikuwa amekaa chini njiani, ameshika mbavu, machozi yanamtoka. Nilivaa haraka haraka tukaendelea. Kila baada ya mwendo kidogo alinitazama nyuma, akacheka tena, na mimi nikazidi kununa.

Adhuhuri ilitupata bado tuko kwenye migomba. Tuliisikia adhana kutoka msikiti wa kijiji fulani chini yetu, na mke wangu akaacha kucheka. Kule Ngombezi mama yake alikuwa ameshakaa juani na kioo. Akaongeza mwendo. Goti lilikuwa limevimba sasa, nililiona hata kupitia kitambaa, na nilimwambia apande mgongoni kwangu. Akasema Wanyamwezi hubeba, hawabebwi.

Jiwe tulilipata wakati adhana ya alasiri inalia. Lilikuwa kama alivyolieleza mzee, ukingoni kabisa, lina nundu, na kwenye nundu kuna pahali palipolainika pa kukalia. Mke wangu akapapasa pale kwa kiganja, akakaa. Mimi nikasimama nyuma yake. Mbele yetu hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umeshuka, mweupe, mzito, unapita polepole chini ya miguu yetu, na tambarare yote ya Korogwe ilikuwa ndani yake.

Tulisubiri. Chai ilikuwa imepoa, tukainywa hivyo hivyo.

"Ameshaingia ndani," mke wangu akasema. "Mwanamke wa umri ule. Amekaa, amechoka, hakuna simu iliyopigwa. Atakuwa ameshajua hatujafika."

Niliketi karibu naye nikamshika bega, naye akaliacha bega lake pale.

Kisha upepo ukageuka na ukungu ukaanza kuchanika kutoka chini. Kwanza tuliona mto, umejipinda katikati ya miti. Halafu mkonge. Mimi nimeuona mkonge maisha yangu yote, lakini nimeuona kutoka barabarani, ukuta wa miba na vumbi. Sikujua kama ni mzuri. Mistari yake ilikwenda mbali, imenyooka, mmoja kando ya mwenzake, mpaka macho yanachoka kuifuata, na mkono wa mtu mmoja mmoja ndio ulioipanda na kuikata. Mke wangu amezaliwa katikati ya mistari ile, na naye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza.

"Baba alifanya ile," akasema.

Tukatafuta Ngombezi. Tuliona mapaa ya kambi, madogo, yamepangana, huwezi kusema hili ni lipi na lile ni lipi. Ua halionekani. Mtu ndiyo kabisa, hata ng'ombe asingeonekana. Nilikaza macho mpaka yakalia. Nilikuwa nimetumwa kuangalia vizuri, na niliangalia vizuri.

Ndipo kitu kikametameta. Nuru kali, ndogo, ikazimika. Ikametameta tena. Ikazimika.

Mke wangu alisimama juu ya jiwe na goti lake bovu, akapiga vigelegele vya harusi peke yake. Alikuwa bado yuko pale! Tangu adhuhuri mpaka alasiri, juani, bila simu, bila kujua kama tumefika au tumeanguka bondeni, bibi yule alikuwa bado anatikisa kioo. Sikutegemea kulia kwa sababu ya mama mkwe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Tumjibu kwa kitu gani?" mke wangu akasema. "Tumjibu kwa kitu gani?"

Nikakumbuka kioo cha pikipiki. Nikakichakura kutoka chini ya chapati, nikakielekeza kwenye jua, nikakitikisa kuelekea kule chini bila kujua kama ninampata yeye au ninawapata samaki wa mtoni. Niliendelea tu. Kule chini nuru ikasimama. Tukasubiri. Halafu ikaja kwa fujo, haraka haraka, ovyo ovyo, kama mtu anayepunga mikono yote miwili.

Mke wangu akakaa tena, ametulia sasa, anatazama ile nukta.

"Amekaa kwenye kigoda cha baba," akasema. "Ameegemea mpapai. Mguu mmoja ameunyoosha, ule unaomuuma. Anamwambia jirani, si nilikuambia? Jirani anamwambia aingie ndani ale, naye anakataa."

"Unaona yote hayo?"

"Sioni kitu."

"Sasa umejuaje?"

"Si mama yangu?"

Kushuka kulikuwa rahisi, au labda miguu ilikuwa imepata sababu. Tulinunua ndizi mbivu kwa yule mama wa maharage, nikainyoosha gia kwa jiwe, na jua lilikuwa linazama tulipoingia Ngombezi. Jirani alitupokea mlangoni kwa lawama: bibi huyu hajala tangu mchana, nimemletea ugali akakataa, ameegemea mpapai wake na kioo, mguu kaunyoosha, namsemesha hanisikii. Mke wangu akanitazama.

Mama alikuwa amekwisha kuoga na kubadilisha nguo. Nilichuchumaa mahali pangu, nikatoa shikamoo. Akaitikia. Kisha akafanya ambalo hajawahi kulifanya. Akaniita.

"Mkwe."

Siyo "mwambie mkwe". Mkwe, mimi mwenyewe.

"Naam, mama."

"Nilivaa khanga ya rangi gani?"

Nyuma yake mke wangu alisimama na mkungu wetu wa ndizi. Aliutikisa. Akachomoa ndizi moja, akaionyesha, akaielekezea kidole. Njano, alikuwa ananiambia. Sema njano. Macho yake yalikuwa yananiomba, na mke wangu si mtu wa kuomba. Nilijua kwamba neno moja tu, njano, na bibi huyu angelala usingizi mzuri usiku ule, na marehemu angekuwa mkweli milele. Ningeweza kulisema. Kwa mtu mwingine yeyote wa ukoo ule ningelisema na kuongeza chumvi. Lakini nilikuwa nimechaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba mimi kwake sina mchezo.

"Sikuiona, mama," nikawaambia vidole vyangu. "Mtu haonekani kutoka kule. Hata nyumba hatukuijua ni ipi. Tuliona mwanga wa kioo tu."

Mke wangu akaiweka ndizi chini.

"Basi alikuwa ananitania," mama akasema.

Akajifunga khanga yake upya.

"Na mimi kila Jumapili nikivaa khanga mpya! Natwanga nimejifunga khanga ya kutokea, naanika mihogo nimejifunga khanga ya kutokea. Wenzangu wananicheka, wewe una harusi ya nani leo? Siwaambii kitu. Najua kuna mtu kakaa mlimani ananiangalia. Kumbe nilikuwa najipamba bure."

Pale ningepaswa kunyamaza. Mkwe hana la kuongeza. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye jiwe la yule mzee mchana ule, nilikuwa nimetembea njia yake, na mimi pia ni mume wa mtu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Jioni alipokuwa akirudi, mama, ulikuwa umeshaivua?"

"Niivue vipi, na ndiyo saa ninayomsubiri?"

"Basi aliiona."

Nilisikia kigoda kikilia. Nilisikia mke wangu akijiziba mdomo. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuijua, nyembamba mwanzoni, halafu ikapasuka, na ilichukua muda kabla sijaelewa kwamba ni mama mkwe anacheka.

"Yule mtu!" akasema. "Yule mtu! Alitaka anikute nimependeza!" Akapiga mapaja, akalia kidogo, akacheka tena. "Miaka yote ile, ananitegea mtego, na mimi naingia kila Jumapili!"

Alipopata pumzi alijifuta macho. Nilihisi ananitazama, kwa muda mrefu, kuanzia kichwani kushuka chini.

"Na huko Handeni," akauliza, "siku hizi Wazigua ndivyo mnavyovaa suruali?"

Nikajitazama. Suruali nilikuwa nimeivaa ndani nje. Mifuko yote miwili ilikuwa inaning'inia kama masikio ya mbuzi, na mishono ilikuwa inaonekana mpaka chini. Tangu kwenye siafu. Nilikaa hivyo kwenye jiwe, nikanunua ndizi hivyo, nikapita Korogwe mjini hivyo, na mke wangu, aliyekuwa ananitazama na kucheka njia nzima, hakuniambia hata neno.

Walicheka wote wawili, mama na binti, kicheko kimoja. Na mimi, kwa kuwa alikwisha kunitania na mlango ulikuwa umefunguliwa na mwenyewe, niliinua macho nikamtazama mama mkwe wangu usoni. Ana mwanya kwenye meno ya juu, ule ule wa mke wangu. Miaka yote ile sikuwa najua.